Usiku tatu porini kwa hela ya maana: kaeni sehemu moja

Dada mmoja wa Dar kaniuliza swali, nalifupisha maana aliandika kirefu: "Kaka, mwezi wa pili mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tumejichanga tukapata hela ya safari ya kifahari huko Kaskazini ila likizo yake fupi, siku nne tu, usiku tatu. Kampuni ya kwanza imetupa Tarangire usiku mmoja, Ngorongoro usiku mmoja, Serengeti usiku mmoja, kwa gari. Ya pili imetupa kempu moja ya mahema Ndutu usiku zote tatu, kwenda na kurudi kwa ndege, na bei zinakaribiana. Mume wangu anasema ni ujinga kulipa hela yote hiyo tukalale kwenye hema sehemu moja tunaangalia nyasi, bora tuzunguke. Na mimi lile hema naliogopa. Tufanyeje?"

Dada yangu, kwanza hongereni sana kwa miaka kumi, na mpe shemeji salamu zangu, mwambie simpingi kwa ubaya. Hii kazi ya kuendesha wageni nimeifanya miaka 19 sasa, na nakujibu kama ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja. Chukueni Ndutu. Usiku zote tatu, kempu moja, na msikubali mtu awashawishi kuongeza "kasehemu kengine kadogo" katikati.

Sasa nieleze kwa nini, maana najua shemeji atataka sababu.

Chukua hiyo ratiba ya kwanza uipigie hesabu ya masaa, sio ya majina ya hifadhi. Siku ya kwanza mnatoka Dar asubuhi kwa ndege, mpaka mmeshuka, mmepata mizigo, mmekutana na dereva, mmenunua maji, ni saa tano au sita mchana. Arusha mpaka geti la Tarangire ni kama masaa mawili, kwahiyo mnaingia hifadhini nusu ya siku imeshaenda, mnazunguka kidogo, mnaenda kulala. Siku ya pili mnaamka, mnazunguka kidogo tena, alaf mnatoka kwenda Karatu, chakula cha mchana, mnapandisha mpaka geti la Loduare, mnafika ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano la Ngorongoro, jioni, na kule juu ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, baridi inauma kwelikweli. Siku ya tatu mnashuka kreta alfajiri, mchana mnapanda, mnaanza kuitafuta Serengeti kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, ile gari inatetemeka mpaka unasikia meno, mnapita geti la Naabi, mnafika kempu giza linaingia. Siku ya nne mnatakiwa mwahi ndege ya kurudi nyumbani. Yani hiyo Serengeti mtakuwa mmeiona kupitia kioo cha mbele cha gari. Na kempu mliyoilipia hela nyingi kuliko zote mtakuwa mmelala humo usingizi wa uchovu, mmeoga, mmekula, basi.

Nilipokuwa mgeni kwenye hii kazi nilikuwa napewa ratiba za hivyo na kampuni moja niliyoifanyia kazi, hifadhi nne kwa siku nne, na mimi nikaona ndio utaalamu wenyewe, kuwapeleka watu mbio wakaone kila kitu. Siku moja mama mmoja mgeni, asubuhi ya tatu, kashika kikombe cha kahawa ananiuliza kwa upole kabisa, "Samahani, leo tuko wapi?" Nilimjibu, ila lile swali lilinikaa. Yule mama alikuwa amelipa mshahara wangu wa miaka, na hakuwa anajua yuko wapi.

Sio kwamba Tarangire mbaya au kreta mbaya, hapana. Tarangire mimi naipenda kuliko nnavyoweza kueleza, ile mibuyu na yale makundi ya tembo mtoni. Ila utamu wake ni kiangazi, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi, ambapo maji yamekauka kila mahali na wanyama wote wanakimbilia ule mto mmoja. Mwezi wa pili mvua za vuli zimeshapita zimeacha maji na majani huko nje, wanyama wengi wanakuwa wametoka hifadhini wametawanyika mpaka tambarare za Simanjiro. Mtaona wanyama ndio, lakini sio ile Tarangire ya kwenye picha. Kreta yenyewe ni nzuri mwaka mzima, chini pale ni kama kilomita za mraba 260 zimezungushiwa ukuta wa mita 600, hamna sehemu nyingine kama ile. Ila kreta inataka siku yake, na nyie siku hamna.

Ndutu mwezi wa pili ni jambo jingine kabisa.

Ndutu iko mpakani, kusini mwa Serengeti, upande wa eneo la Ngorongoro. Zamani sana volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na baadae Ol Doinyo Lengai, zilimwaga majivu, upepo ukayapeleka kwenye zile tambarare. Yale majivu yakaja kugandamana chini, tabaka gumu kama simenti, mizizi ya miti haipenyi, ndo maana unaona nyasi tupu mpaka upeo wa macho. Shemeji anaposema ataangalia nyasi, ni kweli ataangalia nyasi, ila zile nyasi fupi zina madini ambayo nyumbu jike anayahitaji kuliko kitu chochote akiwa anazaa na kunyonyesha. Ndio maana nyumbu zaidi ya milioni moja, na pundamilia kwa malaki, wanashuka mpaka pale kila mwaka mvua zikinyesha. Na wakifika wanazaa karibu wote kwa pamoja, wengi ndani ya wiki tatu hivi, mwezi wa pili ndio kilele. Wakizaa kidogokidogo mwaka mzima fisi na simba wangekula kila mtoto. Wakizaa kwa mpigo fisi anashiba, anashindwa, na watoto wengine wanapona.

Nyumbu anayezaa utamjua dereva akisimama bila kusema kitu. Anajitenga hatua chache tu, analala, anainuka, anazunguka, miguu miwili midogo inaonekana nyuma inang'aa, anatembea nayo hivyohivyo. Alaf anadondosha. Mtoto anakuwa kama gunia la maji limemwagika, rangi ya kahawia ya chai ya maziwa, masikio yamelala. Mama anamlamba huku anageuza kichwa kuangalia pande zote. Mtoto anajaribu kusimama, miguu ya nyuma inatangulia, anaangukia pua. Anajaribu tena. Dakika chache tu, mara nyingi hata kumi hazifiki, kashasimama na anatafuta ziwa la mama yake sehemu isiyo yenyewe, kwenye paja, kwenye kifua, mpaka anapata. Siku hiyohiyo anakimbia na mama yake. Nimeona hilo jambo sijui mara ngapi na bado nikiliona nazima injini.

Sasa ukiwa na ratiba ya kuzunguka, dereva hawezi kukaa hapo dakika arobaini. Ana geti la kuwahi, ana vibali vinavyoisha saa fulani, kichwa chake kipo kwenye saa. Ukiwa unalala kilomita kumi kutoka pale, na kesho upo, na keshokutwa upo, mnakaa. Hicho ndo mnanunua kwa hela yenu dada. Watu wanadhani kifahari ni lile beseni la kuogea na shuka nyeupe, sikatai, ni raha, lakini kinachouzwa ghali porini ni kutokuwa na haraka.

Ngoja nikupe mfano mmoja. Miaka ya nyuma nilikuwa na wazee wawili, mume na mke, hukohuko Ndutu. Saa tatu asubuhi tukamkuta duma jike juu ya kichuguu na watoto watatu, wadogo bado wana ile manyoya ya kijivu mgongoni. Tukapiga picha, mimi nikapeleka mkono kwenye ufunguo. Mzee akasema, "Tusubiri tu." Nikasubiri. Nusu saa, hamna kitu, duma kalala. Lisaa. Magari mengine yakaja yakaondoka, mmoja kwenye redio anatangaza simba wamepanda mti upande wa ziwa Masek, nikamwambia mzee kuna simba kwenye mti, akasema, "Simba hao tutawaona jioni." Lisaa la pili. Jua limepanda, nyie nzi, mimi mgongo unauma. Alaf yule duma akainua kichwa, hakufanya kingine, aliinua kichwa tu akakishusha, na mwili wote ukabadilika. Swala tomi kama saba hivi walikuwa wanakula mbali kidogo. Akashuka kichuguu anatembea kichwa kimelingana na mabega, swala mmoja akainua shingo, duma akaganda mguu mmoja ukiwa hewani, haukushuka, haukupanda, sijui kwa muda gani. Watoto kule nyuma wamelala chini kama waliambiwa. Swala akarudi kula. Mguu ukashuka taratibu.

Mbio zenyewe hazikufika hata nusu dakika. Vumbi, kona moja, kona ya pili, kwisha. Alaf ikaja sehemu ambayo watu wengi hawaioni kwasababu wanakuwa wameshawasha gari wasogee karibu: yule mama duma alikaa amemkaba swala kooni, tumbo linapanda na kushuka kama mfuko wa mhunzi, macho yanazunguka kutafuta fisi, hana hata nguvu ya kula. Akapumzika. Ndo akaanza kuwaita watoto, na sauti ya duma akiita mtoto ni kama ya ndege mdogo, mlio mwembamba kabisa, hutaamini unatoka kwa mnyama yule. Yule bibi alikuwa kanishika bega muda wote na hakujua kama kanishika. Tulifika kempu saa nane, chakula kimepoa, hamna aliyelalamika.

Hilo ndio jibu langu kwa shemeji. Simba watano kwenye hifadhi tatu, ukiwaona wote wamelala, ni simba mmoja. Simba analala mpaka masaa 20 kwa siku, kwahiyo ukipita mara moja mchana utamkuta amelala na utaondoka ukimwacha amelala. Ukirudi kwa haohao simba jioni, na kesho yake alfajiri, unaanza kuwajua, yule mwenye pua yenye kovu, yule mtoto mkorofi, unajua jana walikuwa na njaa leo matumbo yamejaa, unauliza mwenyewe walikula nini na wapi. Hapo ndo safari inakuwa yako.

Haya, hema.

Kuogopa hema sio aibu, nimeona wanaume wa miraba minne wameogopa. Kempu za kiwango mnachozungumzia hema lake sio lile la skauti. Ni turubai zito, sakafu imeinuliwa au imetandikwa mkeka mzito, kitanda cha kweli, choo cha kuvuta humohumo ndani, na bafu, kempu nyingi za kuhamahama bafu lake ni la ndoo, yani unamwambia mhudumu unataka kuoga saa ngapi, anakuja na maji ya moto anayamimina kwenye ndoo iliyotundikwa nje nyuma ya hema, wewe upo ndani unavuta kamba. Maji yanatosha ila sio ya kuimba nyimbo tatu. Usiku ukirudi kitandani unakuta kitu cha motomoto chini ya blanketi, usipige kelele, ni chupa ya maji ya moto wamekuwekea miguuni.

Usiku wa kwanza hutolala vizuri, nakwambia mapema ili usidhani kuna kitu hakiko sawa. Nyumbu hawanyamazi, wanaguna usiku kucha, mm, mm, maelfu kwa maelfu. Fisi anaanzia chini anapandisha sauti. Simba akinguruma sauti inaweza kusafiri mpaka kilomita nane, kwahiyo yule unayemsikia kama yupo mlangoni mara nyingi yuko mbali sana. Na kuna wale watakaokuwa karibu kweli. Mtu mmoja aliniambia asubuhi kwamba usiku alisikia mtu anakata majani na mkasi nyuma ya hema. Alikuwa pundamilia anakula, hatua mbili kutoka kwenye mto wake, krap, krap, anatafuna, anapumua, anapiga kwato chini, krap. Alisema mwanzo alishika mkono wa mkewe, baadae wakalala kwa ile sauti kama watoto wanasimuliwa hadithi.

Wanyama hema wanaliona kama kitu kizima, kama jiwe au kichaka. Hawana shida nalo. Shida inaanza watu wakivunja masharti, na masharti ni machache: zipu ifungwe muda wote, hata mchana, kwasababu tumbili na nguchiro wanajua kuingia kuliko wezi wa Kariakoo. Chakula kisiwepo ndani, hata biskuti, hata ile pipi ya mkoba. Na giza likiingia hutembei peke yako hata hatua kumi, unamulika tochi au unaita kwa redio waliyokupa, askari anakuja anakusindikiza. Hapa sina mzaha kabisa. Kuna wageni wanaona askari anachelewa dakika mbili wanaamua kukimbia wenyewe mpaka hema la chakula. Msifanye. Nyati mmoja dume mzee amelala kichakani haonekani, na ukimkanyagia usingizi wake hana subira.

Kwenye gari nako ni hivyohivyo. Simba akiangalia gari anaona umbo moja kubwa lisilomhusu. Ukisimama juu ya paa, ukitoa mkono nje unampungia, ukipiga mluzi, umevunja lile umbo. Na mwambie dereva wenu wazi, siku ya kwanza kabisa, "Hatuna haja ya kuwa karibu sana, na kwenye duma tusijazane." Duma anayezungukwa na magari anakosa windo, na anayekosa windo ana watoto. Dereva mzuri atakupenda kwa kusema hivyo, maana wengine wanasogea karibu sio kwa kupenda, wanahofia wageni watalalamika.

Siku zenyewe zitaenda hivi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri unasikia sauti nje, "Hodi, habari za asubuhi," kahawa imewekwa mlangoni. Baridi. Mnatoka bado nyota zipo. Chai nzito mnaibeba, mnakula porini saa tatu hivi, meza inakunjuliwa nyuma ya gari, dereva anachagua sehemu ya wazi anayoona pande zote. Mchana mnarudi, mnakula, mnalala, na msione mmepoteza muda, joto la saa nane hata simba halitaki. Saa kumi mnatoka tena mpaka jua linazama. Hiyo siku ya pili mkiamka mwili umechoka msilazimishe, mmoja abaki kempuni akae kibarazani na darubini, ataona mengi kuliko anavyofikiria.

Kuhusu baluni nimeona wamewaandikia kama nyongeza. Linapaa alfajiri, kama lisaa hivi hewani, na ni dola mia kadhaa kwa kila mtu. Ni zuri, silisemi vibaya. Ila kwa usiku tatu linawala asubuhi nzima moja kati ya tatu mlizonazo. Ningekuwa mimi hiyo hela ningeipeleka kwenye gari binafsi.

Na hapo ndo tufike kwenye kitu ambacho karibu kila mtu anasahau kuuliza. Ukinunua kempu ya kifahari unaangalia picha za kitanda, kumbe siku yako masaa manane mpaka kumi uko kwenye gari na mtu mmoja. Huyo mtu ndio safari yenu. Waulizeni kabla hamjatuma dipoziti: gari ni letu wawili au tunachanganywa na wengine? Maana mkichanganywa, yule mwingine akitaka kurudi kunywa soda mnarudi, na ule mguu wa duma hewani hamtauona. Muulize dereva ana miaka mingapi Ndutu yenyewe, sio Kaskazini kwa ujumla. Uliza kempu iko Ndutu kweli au wanaandika Ndutu wakati mko mwendo wa masaa mawili. Uliza bei imeingiza nini: VAT, ada za hifadhi, ada ya kulala ndani ya eneo, vinywaji, kutoka uwanjani mpaka kempu. Na hili muhimu, Ndutu iko chini ya NCAA, yani mamlaka ya Ngorongoro, ukivuka mpaka kuingia Serengeti uko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ni ada nyingine. Wanyama hawajui huo mpaka, wanaweza kuwa upande wowote, kwahiyo mjue kabla kama kuvuka kumo kwenye bei, isije ikawa ugomvi wa asubuhi.

Alaf nyie ni raia. Kiingilio chetu ni cha shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni anayelipa dola, na kempu nyingi zina bei ya raia na mkazi ambayo hawaitangazi, inabidi uulize kwa mdomo wako. Kempu za hivi mgeni wa nje analipa kuanzia dola mia kadhaa mpaka zaidi ya elfu moja kwa mtu kwa usiku, kwahiyo hiyo tofauti sio ndogo. Nyie mmeandikiwa bei gani? Kama ni ya dola bila kuulizwa uraia, rudi kwao leo. Na mbebe kitambulisho cha NIDA, getini wataomba.

Mizigo. Ndege ndogo za porini, zile Cessna Caravan, mwisho ni kilo 15 kwa mtu na begi liwe laini, sio sanduku gumu, maana linasokomezwa chini ya tumbo la ndege. Msihofu, siku nne mnahitaji nini? Sweta zito au jaketi la alfajiri, kofia, miwani, viatu vya kufunika. Mwezi wa pili mvua ya jioni inaweza kushuka, koti jepesi la mvua. Rangi za udongo, kahawia, kijani iliyopauka. Bluu ya kuiva na nyeusi acheni, mbung'o wanazipenda hizo rangi, hata mitego yao inatengenezwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, na mbung'o anauma kupitia suruali. Nguo za mabakamabaka ya jeshi msithubutu, ni kosa kisheria. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu mwezi wa sita 2019, na droni bila kibali itabaki mikononi mwa watu. Kempu zinafua nguo, ila kwenye nyingi nguo za ndani utafua mwenyewe, wanakuwekea sabuni pembeni. Dawa za malaria muulizeni daktari wenu kabla hamjaondoka, na darubini, dada yangu, darubini mbili. Moja kila mtu. Nimeona ndoa nzuri zikigombania darubini moja.

Kwa wafanyakazi, kempu nyingi zina sanduku la pamoja la bahshishi, mpishi na yule anayebeba maji ya moto wanagawana, dereva anapewa mkononi. Wapeni kadri mlivyoguswa.

Na waambieni ni miaka kumi ya ndoa. Msione haya. Mkisema watawatengea meza pembeni, wataweka moto, wataimba na keki yenye jina, wale vijana wa kempu wanapenda kweli sherehe za watu. Kama hamtaki kuimbiwa semeni pia, watawaacha mkae wenyewe kwenye moto. Mimi ningeomba hilo la pili kwa usiku wa mwisho. Simu itakuwa haina netiweki au inakamata kwa kubahatisha, watoto mmewaacha na bibi yao salama, juu nyota zimejaa kwasababu hamna taa ya mtu mpaka mbali huko, na nyumbu wanaguna. Mtaongea vitu ambavyo Dar hamjaviongea miaka.

Mwezi wa pili Ndutu inajaa mapema kuliko mwezi mwingine wowote, kwahiyo msikae na hizo barua pepe. Waandikie hawa wa pili leo, uliza gari ni la nani na bei ni ya raia au ya mgeni, wakikujibu niletee majibu niyaangalie kabla hamjalipa.